Bingwa wa Barcelona na hesabu za nyumbani



Ijumaa mbili zilizopita, baada ya swala, baba mmoja wa makamo alinisubiri kwenye ngazi za msikiti. Mwanawe, kijana wa miaka 20, amepata klabu ya mpira wa miguu nje ya nchi, na kila mwezi humtumia baba yake sehemu kubwa ya mshahara ili amwekee. Kwa miaka miwili sasa mzee huyu amekuwa akiweka na akitoa. Ameezeka upya nyumba ya familia, amelipa ada za wadogo wa kijana, na kiasi kilichobaki anakijua yeye peke yake. Kijana ameanza kuuliza. Mzee ameudhika, naye akaniuliza mimi: "Ustadh, kwani mali ya mwanangu si mali yangu?"

Nilimwomba anipe muda. Swali lake lilinikumbusha nyumba moja ya Hispania ambayo habari zake nimekuwa nikizifuatilia kwa miaka mingi, nyumba ya mcheza tenisi aliyestaafu, Arantxa Sánchez Vicario. Najua wapo watakaouliza ni kwa nini safu ya familia inakwenda kutafuta mfano katika viwanja vya tenisi, ambako mavazi na mazingira si ya kwetu. Hayo siyatetei. Lakini fitina ya mali haiulizi dini ya nyumba kabla ya kuingia, na katika nyumba hii iliingia mara mbili.

Arantxa alizaliwa Barcelona mwezi wa Desemba 1971, akiwa kitinda mimba wa watoto wanne. Baba yake alikuwa mhandisi. Kaka zake wawili, Emilio na Javier, walicheza tenisi ya kulipwa, na dada yake naye aliucheza mchezo huo huko Marekani alikokwenda kusoma. Binti mdogo aliwafuata wakubwa zake uwanjani kama watoto wetu wanavyowafuata kaka zao madrasa, akiburura raketi iliyomzidi kimo. Hakujaaliwa urefu wala mkono mzito. Alijaaliwa miguu isiyochoka na moyo usiokubali kwamba mpira umeshapotea, hata waandishi wa habari wakamfananisha na nyuki kwa jinsi alivyokuwa harakani muda wote.

Tarehe 10 Juni 1989, akiwa na umri wa miaka 17, aliingia katika fainali ya mashindano ya wazi ya Ufaransa, jijini Paris, kupambana na Mjerumani Steffi Graf. Ili kuelewa uzito wa siku hiyo, ni vyema ijulikane kwamba Graf alikuwa ameshinda mashindano makubwa matano mfululizo. Mwaka uliotangulia aliyachukua yote manne pamoja na medali ya dhahabu ya Olimpiki. Hakuna aliyekuja uwanjani kumtazama binti wa Kihispania akishinda. Arantxa alichukua seti ya kwanza 7-6, akapoteza ya pili 3-6, na katika ya tatu Graf akawa anaongoza 5-3, akianzisha mpira yeye mwenyewe, akihitaji mchezo mmoja tu kumaliza kazi. Hakuupata. Binti alishinda michezo minne mfululizo, seti ikaisha 7-5, naye akaanguka kwenye udongo mwekundu akilia kwa furaha. Kabla ya hapo hakuna mwanamke wa Hispania aliyewahi kutwaa taji hilo.

Alilirudia taji la Paris mwaka 1994 na mwaka 1998. Mwaka huo wa 1994 alishinda pia mashindano ya wazi ya Marekani, akimfunga Graf yule yule baada ya kupoteza seti ya kwanza kwa 1-6. Februari 1995 akawa wa kwanza duniani, nafasi ambayo hakuna Mhispania wa kike aliyekuwa ameifikia katika mchezo wa mmoja mmoja. Katika Olimpiki za Barcelona 1992 na Atlanta 1996 alipata medali nne, mbili za fedha na mbili za shaba. Aliisaidia nchi yake kutwaa kombe la dunia la timu za wanawake mara tano.

Lakini mimi, nikiulizwa, ningemkumbuka zaidi kwa mechi aliyoshindwa. Ilikuwa fainali ya Wimbledon ya mwaka 1995, tena na Graf. Seti moja kwa moja, na katika ya tatu wapo 5-5. Arantxa anaanzisha mpira. Mchezo mmoja wa tenisi kwa kawaida huisha kwa dakika chache, ila ni lazima mshindi ampite mwenzake kwa pointi mbili, na wanawake hawa wawili hawakupitana. Walicheza pointi 32 katika mchezo huo mmoja, dakika zipatazo 20. Mwishowe Graf akaupata, akamaliza seti 7-5. Aliyeshindwa alitoka uwanjani akipigiwa makofi kama aliyeshinda. Nimewahi kuwaonesha vijana wa familia yangu picha za mchezo huo, nikawaambia huu ndio uvumilivu ninaowahimiza kila siku katika kuhifadhi juzuu.

Kwa miaka yote hiyo mama yake alikuwa pembeni ya uwanja. Alisafiri naye kutoka nchi hadi nchi, akiangalia chakula chake, usingizi wake na watu wanaomkaribia. Binti alipopata umaarufu aliongeza jina la ukoo wa mama yake, Vicario, kwenye jina analochezea, ili mama naye atajwe pale matokeo yanaposomwa. Wazazi wanaosoma ukurasa huu wanaelewa uzito wa heshima kama hiyo.

Na fedha? Fedha alizishika baba. Jambo hilo wakati ule lilikuwa la busara. Msichana wa miaka 17 aliyetoka kuishangaza dunia hawezi kukaa na mawakili, wafanyabiashara na mabenki na wakati huohuo afanye mazoezi kwa saa nyingi kila siku. Nani amlindie mali yake kama si baba mzazi? Zawadi za uwanjani peke yake, katika maisha yake yote ya mchezo, zilikaribia dola milioni 17, mbali na mikataba ya matangazo.

Kosa, kwa maoni yangu, halikuwa kuanza hivyo. Miaka 17 ikawa 20, ikawa 25, ikawa 30. Mtoto akastaafu mwaka 2002, akarudi kwa muda mfupi, akaacha kabisa. Na mpangilio ukabaki ule ule wa msichana wa shule.

Mwaka 2012 Arantxa alitoa kitabu cha maisha yake. Humo alidai kwamba mali aliyoichuma kwa miaka ya jasho haipo, kwamba baba yake ndiye aliyekuwa akiisimamia, na kwamba yeye mwenyewe hakuwa akijua kilichokuwa kikiendelea. Wazazi walikanusha hadharani, wakasema maneno hayo si ya haki na yamewaumiza. Kaka zake wakasimama upande wa wazazi. Baba alikuwa tayari mgonjwa. Hispania nzima ikawa inasoma magazetini ugomvi wa watu ambao miaka michache nyuma walikuwa wakikumbatiana mbele ya kamera. Mwaka 2016 baba akafariki dunia.

Nani alikuwa mkweli? Mimi sikuwepo, na hainihusu kumhukumu mtu aliyekwisha kwenda kwa Mola wake. Ninachokiona ni kwamba mwanamke wa miaka 40, aliyewahi kuwa wa kwanza duniani, hakuweza kufungua kabati, akatoa daftari lake mwenyewe na kusema: hiki kiliingia, hiki kilitoka, hiki kimebaki. Lau daftari hilo lingekuwepo mikononi mwake, ama baba angesafika siku hiyohiyo, ama jambo lingejulikana mapema likiwa bado dogo.

Fitina iliingia mara ya pili kupitia mlango wa ndoa. Mamlaka ya kodi ya Hispania ilikuwa imemdai kodi ya miaka yake ya mwanzo, aliposema anaishi Andorra, nchi ndogo ya milimani yenye kodi nafuu. Mahakama Kuu ya Hispania iliamua mwaka 2009 kwamba kwa kweli alikuwa akiishi Barcelona. Benki moja ya Luxembourg, iliyokuwa imemdhamini, ikalipa kiasi cha euro milioni 5.2, kisha ikamgeukia yeye. Riba na gharama zikaufanya mzigo upite milioni 7. Januari 2024 mahakama ya Barcelona iliwatia hatiani yeye na aliyekuwa mume wake kwa kuficha mali ili benki isilipwe. Yeye alihukumiwa miaka miwili, kifungo kikasitishwa. Mume alihukumiwa zaidi ya miaka mitatu. Arantxa alikiri, lakini akaeleza kwamba mambo ya fedha alimwachia mume, naye alikuwa akimwamini. Mume alikana. Maneno hayo yanafanana mno na yale ya mwaka 2012, ila jina la aliyeaminiwa limebadilika.

Sasa nirudi kwa mzee wangu wa kwenye ngazi.

Wazazi wengi hutegemea hadithi iliyomo katika Sunan Ibn Majah, yenye maana kwamba mtoto pamoja na mali yake ni vya baba yake. Hadithi ipo. Ila wanazuoni wengi wa fiqhi hawakuifahamu kuwa inamnyang'anya mtoto umiliki wake. Wameifahamu kuwa mzazi mwenye haja anayo haki ya kulishwa, kuvikwa na kutibiwa kutoka katika mali ya mtoto mwenye uwezo, bila kumdhuru mtoto. Ingekuwa mali yote ni ya baba, mirathi isingekuwa na maana, kwa kuwa sheria yetu humpa baba fungu maalumu pale mtoto anapofariki. Mtu hapewi fungu katika kilicho chake chote.

Tena Qur'ani, katika Suratun Nisaa, imeagiza kwamba mayatima wajaribiwe hadi wafikie umri na busara, ndipo wakabidhiwe mali zao, na wakati wa kukabidhi wawepo mashahidi. Aya ndefu kuliko zote katika Kitabu, iliyomo Suratul Baqara, inahusu kuandika madeni. Sijui ni kwa namna gani sisi tumefika mahali pa kuona kuandikiana ni dalili ya kutoaminiana. Mabibi na mabwana, mahari tunayaandika, mirathi tunaiandika, lakini fedha za mtoto aliyeko Muscat au Doha tunaziacha kichwani mwa mzee mwenye sukari na shinikizo la damu.

Nawaomba pia mlifikirie hili, kwa sababu nimeliona likitokea katika zaidi ya nyumba moja. Mali ya kijana ikichanganyika na ya baba, na baba akafariki ghafla, ndugu wote watakaa kugawa kilichopo kama mirathi. Kijana atasema, hizi ni zangu. Ataulizwa ushahidi. Hana. Na kijana huyohuyo, akiwa hai baba yake, anatoaje zaka ya mali ambayo hajui kama imefika nisabu wala ni lini imetimiza mwaka? Baba anadhani amemhifadhia mwanawe. Kumbe kuna faradhi inayopita kila mwaka bila kutekelezwa.

Kwa mabinti jambo ni zito zaidi. Mali ya mwanamke wa Kiislamu ni yake, kabla ya ndoa na ndani ya ndoa, na mume hana haki nayo isipokuwa kwa ridhaa yake. Tunalijua hilo, tunalisema mihadharani kwa kujisifu mbele ya wasio Waislamu. Lakini binti anayefanya kazi benki au hospitali anakabidhi kadi yake kwa baba, na siku ya harusi anaikabidhi kwa mume, na hakuna siku hata moja katikati aliyokaa nayo mwenyewe. Mama, je, umewahi kumfundisha binti yako kusoma taarifa ya akaunti?

Ijumaa iliyopita nilimweleza mzee hayo kwa ufupi. Alikasirika kidogo. Akasema, "Mimi na mwanangu tuandikiane kama wageni?" Nikamwambia aanze na yale anayoyakumbuka: mabati, mafundi, ada za watoto, na kiasi kilichobaki. Ayaandike, ampigie kijana simu, amsomee. Lile la nyumba amwulize waziwazi kama ni zawadi kwa wazazi au ni mkopo, na jibu liandikwe vilevile, mbele ya mama na mjomba wa kijana. Kuanzia mwezi ujao fedha ziingie kwenye akaunti yenye jina la kijana mwenyewe, na mzee apewe cha matumizi yake kila mwezi, bila kulazimika kuomba.

Alinyamaza kwa muda. Kisha akaniuliza daftari la kurasa ngapi litatosha.