Mochi: Kitamu cha Wajapani kisichotaka pupa

JE, mpendwa msomaji, umewahi kula wali uliotwangwa? Usishangae. Sisi tumezoea kutwanga kwanza, kisha kupika. Wajapani hufanya kinyume: mchele huupika, halafu wakautia kinuni. Hapo ndipo hupatikana mochi, donge jeupe, laini na lenye kuvutika, ambalo ni nadra kukosekana nyumbani mwao wakati wa Mwaka Mpya.

Jumapili hii tupige hodi jikoni mwao.

Tuanze na mchele. Usidhani pishori uliyo nayo kabatini itafaa. Mochi hutaka mchele wa kunata uitwao mochigome. Wanga wa mchele wa kawaida una amilosi, ambayo husaidia wali kuchambuka punje kwa punje. Mochigome karibu haina amilosi kabisa, na hiyo ndiyo siri ya kunata kwake.

Osha nusu kilo ya mchele huo, kisha uuloweke usiku kucha. Asubuhi uchuje maji, uutandaze juu ya kitambaa safi na kuupika kwa mvuke kwa dakika 40 hivi, mpaka punje ibonyee vizuri kati ya vidole. Usiuchemshe ndani ya maji, la sivyo utapata uji.

Utwange ungali moto. Kinu chao huitwa usu, na mchi wao, kine, umetiwa mpini mithili ya nyundo kubwa. Kwanza wali hukandamizwa ili punje zisiruke, kisha mapigo huanza. Mmoja hutwanga na mwenzake, kwa mkono uliolowa maji, hulikunja donge kati ya pigo moja na jingine. Akichelewa kuondoa mkono, ni kilio! Tangu miaka ya 1970 nyumba nyingi zimetumia mashine za stima. Asiye na mashine wala kinu hutumia bakuli zito na mchi wa mbao.

Donge likishalainika bila punje kuonekana, limwage juu ya meza iliyonyunyizwa wanga wa viazi, ukate vipande na kuviviringa. Wajapani hupaka mochi unga wa soya iliyokaangwa, huitia katika supu ya ozoni, au huijaza azuki, kunde ndogo nyekundu zilizo jamaa ya ndengu, zilizopondwa kwa sukari. Ikikauka na kuwa ngumu, huokwa mpaka ikafura.

Wengi hupenda kuitengeneza tarehe 28 Desemba, kwa kuwa namba nane kwao ni ya heri. Tarehe 29 huepukwa, kwani tamko la tisa, ku, hufanana na neno la mateso.

Na sasa, msomaji, nisikilize kwa makini. Kila Mwaka Mpya, idara ya zimamoto ya Tokyo huwaonya wananchi kuhusu mochi. Si mzaha. Kule kunata kunakoifanya iwe tamu ndiko huifanya ikwame kooni, na kila mwaka kuna watu wanaosakamwa nayo, hata wengine wakafa. Aghalabu ni wazee, ambao meno yamepungua na mate ni haba. Watoto wadogo nao wamo hatarini.

Kwa hivyo, kabla hujamwandalia nyanya, ikate vipande vidogo. Mpe chai au supu alainishe koo kwanza. Aketi wima, atafune sana, na asiachwe peke yake mezani. Mtoto mchanga asipewe kabisa.

Mtu mzima akisakamwa na bado anakohoa kwa nguvu, mwache akohoe. Asipoweza kukohoa wala kusema, mwinamishe mbele na umpige kwa kiganja, kwa nguvu, mara tano katikati ya mabega, huku mwingine akikimbilia msaada.

Wahenga walisema tamaa mbele, mauti nyuma. Hawakuijua mochi, lakini maneno yao yanaifaa kuliko chakula kingine chochote. Kazi ya usiku kucha na asubuhi nzima haistahili kumezwa kwa pupa.

Hadi Jumapili ijayo, upishi mwema.