Chukudu haichaguliwi kwa rangi

Ndugu wasikilizaji, nanyi jamaa mliokimbia vijiji vyenu, chukudu ya dhahabu kwenye rond-point yetu ni ya kutazamwa. Ile mnayonunua ni ya kulisha watoto. Kwa hiyo wauzaji waache kupaka rangi mbao laini na kumaliza akiba ya watu. Wanasema bei ndogo inasaidia maskini. Si kweli: ikivunjika, maskini atanunua mara mbili.

Dai mkaratusi uliokauka vizuri. Zungusha magurudumu, yakiyumba, kataa. Kanyaga breki. Kuteremka kutoka Kibumba na mzigo wa mboga bila breki ni kujitafutia kaburi. Mawe ya lava ya 2002 hayana huruma. Chukudu nzuri ni mwendo.