Selele ya dirishani kwa familia isiyo na parsele

Shauri moja linarudiwa kila mara kwa familia zilizokimbia vita na kufika Lubumbashi: limeni kidogo kando ya nyumba, mpate mboga. Ni shauri jema Mitwaba au Pweto. Hapa mjini lina hatari ambayo wanaolitoa hawaitaji.

Kiwanda cha kuyeyusha shaba kilianza kazi mwaka 1911. Kwa miaka mingi upepo wa kusini-mashariki umesukuma moshi wake mpaka upande wa Penga Penga, ambako miti ilikufa na udongo ukabaki uchi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wamekuta shaba, kobalti na risasi katika udongo na katika mboga za bustani kadhaa za mji. Kuosha majani kunaondoa vumbi. Kilichoingia kwa mizizi hakitoki kwa maji, wala kwa chumvi, wala kwa kuchemsha. Na mtoto mdogo ndiye risasi inayemwumiza zaidi.

Tena, familia inayopanga chumba kimoja Katuba au Kampemba haina parsele. Mwenye nyumba hataki jembe uani, na hata akikubali, nani anajua nini kilimwagwa pale zamani?

Dirisha lipo. Wengine watacheka: kopo la selele litashibisha watoto sita? Halitashibisha. Lakini bamama wanajua kwamba unga ukipatikana, kinachokosekana ni kiungo, na bukari na kapenta ya chumvi tupu, siku ya tatu watoto wanaisukuma pembeni. Franka za kununua vipande vya Maggi kila siku zingeongeza nyanya au mafuta.

Kazi yenyewe ni ndogo. Shina la selele lenye mizizi, likinunuliwa soko la Kenya, linakatwa majani ya kupikia na kisiki kinarudishwa udongoni. Kitunguu kilichoanza kuota kipandwe tu, majani yake yakatwe kwa mkasi nayo yanaota tena. Mchaichai, ule wengi wanaouita sitroneli, unatoa mizizi ndani ya glasi ya maji. Pilipili inataka chombo kikubwa zaidi, ndoo ya lita kumi ikiwezekana, na uvumilivu wa miezi. Kopo litobolewe chini, maana maji yakituama mizizi inaoza. Juni na Julai jua linapita upande wa kaskazini, basi dirisha la upande huo ndilo linalopata mwanga. Na usiku kopo liingizwe ndani, baridi ya Lubumbashi haina huruma.

Udongo ndio wa kuangalia sana. Usichotwe karibu na kiwanda, wala kando ya mto unaopokea maji ya viwanda, wala pale malori ya madini yanapopita. Utoke mbali, uchanganywe na samadi ya kuku iliyooza vizuri. Kopo la maziwa ya unga linafaa. Bidoni iliyobeba asidi, rangi au mafuta ya gari haifai, hata ikioshwa mara kumi. Na dirisha linaloangalia barabara ya vumbi liachwe; kopo likae upande wa nyuma.

Kuna faida nyingine ambayo mtu aliyehama mara mbili au tatu anaielewa haraka: siku mwenye nyumba akisema mtoke, kopo linabebwa pamoja na mbabula. Shamba halibebwi.

Kwa hiyo mashirika na viongozi wa komine wanaogawa mbegu wasiishie kwenye mbegu. Kumpa mama pakiti ya lengalenga na kumwacha atafute mwenyewe pa kuipanda, katika mji huu, ni kumtuma kwenye udongo ambao wao wenyewe wasingekula mboga yake. Wagawe na ndoo. Wagawe na udongo uliopimwa, mfuko mmoja kwa kila nyumba, kabla mvua za Novemba hazijaanza.