Chini ya Ziwa Edward hakuna ziwa la mafuta

Tangu kampuni ya Uingereza ya SOCO ilipopima Ziwa Edward kwa mitetemo mwaka 2014, maneno juu ya mafuta hayajaisha Vitshumbi, kijiji cha wavuvi kando ya ziwa hilo upande wa Kongo. Watu wanayapangia maisha, ndiyo maana yanastahili jibu.

"Chini ya ziwa letu kuna ziwa lingine, la mafuta." Hakuna. Mafuta hukaa ndani ya mwamba wenyewe, katika vitundu visivyoonekana kwa macho baina ya chembe za mchanga ulioshikamana. Jaza bidoni mchanga mpaka juu, kisha mimina maji: yatapata pa kuingia. Kuyatoa yote haiwezekani. Uganda inakadiria kuwa na mapipa bilioni 6.5 kwenye bonde la Ziwa Albert, lakini yanayoweza kuchimbwa ni takriban bilioni 1.4.

"Volkano ndiyo inayoyapika." Joto linahitajika kweli, ila si hilo la Nyiragongo. Mafuta huanza na mwani na vijidudu vya majini vinavyokufa na kuzama kwenye tope lisilo na oksijeni, ambako havimaliziki kuoza. Tope hufunikwa na tope, bonde la ufa likizidi kudidimia, hadi mabaki yale yafike kilomita mbili, tatu au nne chini. Huko, kwenye nyuzi 60 hadi 120 hivi, hugeuka mafuta kwa mamilioni ya miaka. Joto likipanda kupita nyuzi 150, hubaki gesi. Lava iliyoyeyuka ina nyuzi karibu 1,000; ingeyateketeza.

"Goma wana gesi, basi sisi tuna mafuta." Gesi hiyo ya Ziwa Kivu, kama kilomita za ujazo 60 za methani, imeyeyuka ndani ya maji ya kina. Vijidudu ndivyo vilivyoitengeneza, na kinachoizuia isipande ni uzito wa maji ya juu, pamoja na maji ya chini kuwa na chumvi nyingi na mazito kuliko ya juu. Rwanda huivuta kwa mabomba na kuzalisha umeme kwenye kituo cha KivuWatt. Gesi hiyo haitoi ushahidi wowote juu ya miamba iliyo chini ya Edward.

Dai linalowachoma watu zaidi ni hili: "Waganda wanavuta mafuta yetu." Naelewa linakotoka. Mto Semliki hutoa maji Edward na kuyapeleka Albert, na watu waliokwisha kuporwa mengi hawakosi sababu ya kushuku. Lakini mafuta hayafuati mto. Ni mepesi kuliko maji yaliyojaa mwambani, kwa hiyo hupanda, yakipenya kwenye mchanga na nyufa, mpaka yakutane na udongo mzito wa mfinyanzi usiopitisha kitu. Kama udongo huo umejikunja mfano wa kuba, au mpasuko wa ardhi umeukutanisha na mwamba uliofunga njia, mafuta hukusanyika hapo; huo ndio mtego. Vizuizi hivyo visipokuwepo, hutoka juu na kupotea. Visima vya Uganda vya Tilenga na Kingfisher, kando ya Ziwa Albert, viko zaidi ya kilomita 200 kutoka Vitshumbi, na katikati umesimama mlima Rwenzori. Mafuta yenyewe hayatiririki kirahisi: yana nta nyingi, hata bomba la kilomita 1,443 lililopangwa kuyapeleka Tanga ni lazima lipashwe joto. Hofu hiyo ingekuwa na msingi kama mtego mmoja ungekatwa na mpaka chini ya ziwa moja. Hapo anayechimba kwanza anaweza kuvuta sehemu ya jirani.

"Tumeona utando unaong'aa juu ya maji." Huenda. Hata mazutu na esansi za motere hung'aa hivyo, na ni maabara tu inayoweza kutofautisha. Tena, mafuta yanayovuja ni mafuta yanayotoroka. Na hata penye mivujo ya kweli, subira ni ndefu: kando ya Albert, mwanajiolojia Wayland aliandika habari za mivujo mwaka 1925, kisima kilichimbwa Butiaba mwaka 1938, na ugunduzi wa kibiashara ukaja mwaka 2006.

Mwisho wanasema SOCO waliyaona wakaficha. Mitetemo huonyesha umbo la miamba tu, na mtego mzuri unaweza kuwa umejaa maji matupu. Mwaka 2010 kisima cha Ngaji-1, upande wa Uganda karibu na ziwa hili hili, hakikupata mafuta. SOCO yenyewe ilikubali mwezi Juni 2014 kusitisha kazi ndani ya Virunga, hifadhi iliyo urithi wa dunia tangu 1979, kabla ya kuchimba kisima hata kimoja. Mnada wa vitalu 27 vya mafuta uliotangazwa na Kinshasa mwaka 2022 nao ulifutwa Oktoba 2024.

Kwa hiyo yeyote atakayekuja Vitshumbi kuahidi kazi za mafuta ili mkubali kuliachia ziwa, mwulizeni kisima kiko wapi na kilitoa nini. Asipojibu, msimpe ziwa linalowalisha.