Nafuu ya SHA Imeishia kwa Wenye Mshahara

Tangu tarehe 27 Desemba 2024, sheria ya ushuru nchini Kenya inataka mchango wa bima ya afya ya jamii, SHIF, unaosimamiwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, uondolewe kwenye mapato kwanza, ndipo kodi ipigwe kwa kinachosalia. Mabadiliko hayo yamesifiwa sana, na kwa aliyeajiriwa yanastahili sifa. Ila fundi, kinyozi na mwenye duka wanaolipa kodi ya mauzo hawakupata hata senti, na nimechoka kusikia wakihesabiwa miongoni mwa walionufaika.

Nina jirani anayechomelea mageti na madirisha. Jioni moja alinifungulia daftari lake la hesabu, kila ukurasa una alama za vidole vyeusi. Mwaka jana aliuza kazi za shilingi 1,500,000. Vyuma, rangi, stima, kodi ya kibanda na ujira wa msaidizi vikala 1,050,000. Akabaki na 450,000 za chakula, karo na nauli. Kwenye ukurasa wa Agosti ameibana risiti ya kliniki kwa pini: 6,800, siku cheche ilipomwingia jichoni. Alilipa kutoka mfukoni, kwa kuwa mchango wake wa SHA, ambao asiye na mshahara hutakiwa kuulipa wa mwaka mzima kwa mkupuo, ulikuwa haujakamilika. Mwajiriwa hukatwa kidogo kidogo kila mwezi.

Tuseme SHA imemkadiria kwa hizo 450,000. Asilimia 2.75 yake ni 12,375. Karani anayepata kiasi hicho hicho, yaani 37,500 kwa mwezi, huchangia sawa na yeye. Lakini kwa viwango vya 2025, mchango wa karani unapoondolewa kwenye mapato unamwokolea asilimia 30 ya thamani yake, kama shilingi 3,700 kwa mwaka. Haombi, hajazi fomu. Anaiona tu kwenye hati ya mshahara.

Fundi je? Biashara yenye mauzo kati ya 1,000,000 na 25,000,000 kwa mwaka hulipa asilimia 3 ya mauzo yote. Ya mauzo, si ya faida. Sheria haimruhusu kupunguza chochote: si bei ya vyuma, si stima, si SHA. Atalipa 45,000 awe amechangia au hakuchangia, awe mzima au ameshinda wodini. Hiyo 45,000 ni asilimia 10 ya kile kilichobaki mkononi mwake. Sasa mchango wake wa afya utaondolewa kwenye mapato gani, ikiwa fomu anayojaza haina mahali pa mapato, ina mauzo pekee? Bunge lilitoa nafuu ya kodi ya mapato na kusahau kwamba watu wa jua kali hawa wametengwa na hesabu hiyo tangu mwanzo.

Watetezi husema kodi ya mauzo ni nyepesi, haihitaji vitabu vya hesabu. Kweli. Husema pia kwamba anayetaka anaweza kumwandikia Kamishna ajitoe, alipe kodi ya faida kama wengine. Na mpango wa Lipa SHA Pole Pole upo kwa asiye na pesa za mkupuo.

Haya, ajitoe! Amlipe mhasibu, atunze risiti ya kila kipande cha chuma alichonunua kwa mchuuzi asiyetoa risiti, ili apate nafuu ya 3,700? Mhasibu ataimaliza hiyo na kudai zaidi. Nafuu ambayo gharama ya kuifikia inaizidi yenyewe haijatolewa, na anayemwambia fundi kwamba mlango uko wazi hajawahi kuketi naye na daftari lile.

Simdai Waziri wa Fedha makubwa. Mswada wa Fedha huja Bungeni kila mwaka. Kifungu kimoja kiruhusu sehemu ya mchango wa SHA ipunguzwe moja kwa moja kwenye ile asilimia 3, kwa kiwango kile kile anachokipata karani. Jirani yangu hulipa wastani wa 3,750 za kodi ya mauzo kabla ya tarehe 20 ya kila mwezi. Tunazungumzia mwezi mmoja kati ya kumi na miwili.