Maradhi yakifunga njia, hasara ya mkataba ni ya nani?

MFANYABIASHARA anayekodi shamba la mikarafuu hapa Pemba hutoa fedha wakati karafuu zingali juu ya mti. Humlipa mwenye shamba, akasubiri msimu, akatafuta wachumaji wa kuwalipa kwa pishi, akaanika, kisha akapeleka kituo cha Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar (ZSTC). Katikati ya hatua hizo yakizuka maradhi yanayozuia watu na vyombo kusafiri, nani abebe hasara?

Swali hili halijapitwa na wakati. Machi 2020 Zanzibar ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza wa corona. Aprili, Tanzania ilisimamisha ndege za abiria za kimataifa, zikaruhusiwa tena Mei 18. Zilikuwa wiki chache tu, lakini watalii hawakurudi kwa siku moja. Aliyekuwa akiuzia hoteli samaki, mboga na matunda alibaki na bidhaa mkononi. Mkulima wa mwani naye humtegemea mnunuzi ambaye soko lake liko ng'ambo, na mara nyingi mnunuzi huyo ndiye aliyempa kamba za kuanzia.

Mikataba ya biashara si jambo la Muungano. Zanzibar ina sheria yake ya mikataba, Sura ya 149, na Bara ina yake, Sura ya 345. Zote mbili chimbuko lake ni Sheria ya Mikataba ya India ya mwaka 1872. Kanuni iliyomo, ambayo kwa India na Bara ni kifungu cha 56, ni kwamba mkataba wa kufanya jambo ambalo baadaye limekuwa haliwezekani, au limekuwa kinyume cha sheria, hubatilika tangu hapo.

Neno zito hapo ni "haliwezekani". Bei kushuka, nauli kupanda au wachumaji kuwa adimu si kutowezekana. Ni hasara ya kawaida ya biashara, na aliyeahidi atadaiwa ahadi yake.

Na hata mkataba ukibatilika, fedha haipotei. Kwa mujibu wa kanuni nyingine ya sheria hiyo, kifungu cha 65, aliyepokea kitu chini ya mkataba uliobatilika hukirudisha au hufidia. Kwa mfano, mkulima amepokea shilingi 500,000 za mzigo, kisha marufuku ya serikali ikazuia kabisa mzigo huo kuuzwa. Mkulima hadaiwi mzigo, lakini fedha ya mwenzake hana haki ya kubaki nayo.

Kodi ya duka ni ngumu zaidi. Mei 2020 Mahakama Kuu ya Delhi, India, iliamua shauri la wapangaji wa duka katika soko la Khan Market, walioomba wasamehewe kodi kwa kuwa amri ya kufunga biashara iliwazuia kuuza. Mahakama ilikataa. Wapangaji walikuwa bado wanalishikilia duka, na mkataba wao haukuwa na kifungu cha kuwasamehe. Walichopata ni muda wa kulipa. Uamuzi huo haulazimishi mahakama za Zanzibar, lakini kwa kuwa sheria zetu ni za ukoo mmoja, mpangaji wa Chake Chake au Wete anapaswa kuuzingatia.

Kuhusu mikopo, Mei 2020 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza kuzipa nafuu benki zitakazopanga upya marejesho ya wateja walioathirika. Nafuu ya namna hiyo humfikia aliyekwenda benki mapema, si aliyejificha hadi mnada ukatangazwa.

India nayo ilisimamisha kwa mwaka mmoja, kuanzia Machi 25, 2020, maombi ya kufilisi kampuni kwa madeni yaliyoshindikana kulipwa katika kipindi hicho. Mfanyabiashara mdogo asingoje kinga kama hiyo. Anayefanya biashara kwa jina lake mwenyewe, deni humfuata hadi kwenye mali yake binafsi. Mwanahisa wa kampuni yenye dhima ya ukomo hupoteza hisa zake tu, isipokuwa kama aliweka dhamana yake binafsi.

Kwa hiyo, ndugu mkulima na mfanyabiashara, kabla ya msimu andikeni mambo manne: maradhi au amri ya serikali ikizuia kazi, nani aarifiwe na kwa siku ngapi, malipo ya awali yarudi kwa kiasi gani, kodi ipungue au isogezwe mbele vipi, na mgogoro uanzie kwa nani, kwa mfano sheha, kabla ya mahakama. Wekeni saini pande zote mbele ya mashahidi, na kila mmoja abaki na nakala yake. Ukurasa mmoja unatosha, mradi uandikwe wakati pande zote zingali zinaelewana.