Msamaha wa Mabwana Si Uhuru



Wako watu wanaopita vyuoni wakitutaka tuchague kambi. Ama tufuate wanaomuuzia msomaji majarida ya wataalamu, ama tufuate wanaompa bure msomaji na kumtoza mwandishi. Hatuchagui! Tazameni nani amekaa nyuma ya kambi hizo mbili: Elsevier, Wiley, Springer Nature, kampuni zile zile. Mwaka 2020 jarida la Nature lilitangaza ada ya Euro 9,500 ili makala moja isomwe bure na wote. Makala moja, ndugu zangu! Na mwandishi halipwi kitu, na mtaalamu anayeikagua kwa kawaida halipwi.

Vibaraka watajibu kwamba maskini husamehewa. Husamehewa na nani? Wachapaji wengi hutazama daftari la Benki ya Dunia. Julai 2020 benki hiyo iliihamisha Tanzania kutoka nchi za kipato cha chini, ikaiandika ya kipato cha kati, daraja la chini. Kwa mchapaji anayesamehe kabisa nchi za kipato cha chini tu, kalamu ya karani wa Washington ilitosha kututoa kwenye orodha. Sijasikia mhadhiri aliyeongezwa mshahara siku hiyo.

Wala si kila cha bure ni chetu. Waandishi waliweka kazi zao kwa hiari katika ghala la SSRN. Mwaka 2016 Elsevier ikalinunua. Mwaka uliofuata ikainunua na bepress, ambayo vyuo viliitegemea kuhifadhi maandiko yao. Tena Wiley ilinunua Hindawi mwaka 2021, na mwaka 2023 makala zaidi ya 8,000 zilibatilishwa. Ndiyo pupa ya ada hiyo.

Wako waliokataa. Mwaka 2015 wahariri wote wa Lingua, jarida la isimu lililomilikiwa na Elsevier, walijiuzulu pamoja wakaanzisha lao, Glossa. Brazil walianza SciELO mwaka 1998 kwa fedha za umma, bila kungoja ruhusa ya Ulaya.

Basi kila tawi lenye wanachama vyuoni liulize katika mkutano wake ujao: mtambo unaochapa majarida ya chuo chetu ni mali ya nani? Na msomi wetu anayekwenda kutusemea kwenye semina za wachapaji, nauli yake na chumba cha hoteli amelipiwa na nani?